Jicho la Angani na Daftari la Kijijini



Siku moja nilikaribishwa katika kikao cha kikundi kimoja cha akina mama upande wa Msambweni. Ni kikundi cha kuweka na kukopa, na kazi iliyonipeleka ilikuwa kukagua hesabu za mweka hazina. Mzee mmoja, ambaye mkewe ni mwanachama, alikuwa ameketi kando juu ya gogo la mnazi akisikiliza. Tulipofika kwenye "mambo mengineyo" akaomba ruhusa ya kusema.

"Hebu nieleze mwanangu, wewe uliyesoma. Ni kweli hayo masetilaiti yanatuona hapa tulipo? Maana naambiwa hata ukioga nyuma ya makuti wanakuona. Na tena ndiyo yanayotupunguzia mvua."

Akina mama walicheka sana. Mmoja akasema, kama yanaona kweli basi yatutajie nani anayetuangulia nazi zetu usiku. Lakini mwingine, anayekaanga samaki kando ya barabara, hakucheka. "Mie cha angani hakinitii hofu," akasema. "Mie naogopa lile daftari la dukani. Kila nikienda kutoa pesa naandika jina, nambari ya kitambulisho na nambari ya simu, na kila ajaye nyuma yangu analisoma."

Siku ile nilijibu juu juu tu. Tangu hapo nimeuliza na kusoma, na yafuatayo ndiyo niliyopata. Kwa maoni yangu mama wa samaki alikuwa amelenga pale pale penyewe, lakini tuanze na mzee, kwa kuwa ndiye aliyetangulia kuuliza.

CHA ANGANI KINAONA NINI

Mambo ya anga za juu si mageni kwetu watu wa pwani. Huko Ngomeni, kaskazini ya Malindi, kuna majukwaa ya chuma yaliyosimama baharini kama meza kubwa. Waitaliano waliyaweka miaka ya 1960, na lile la kurushia roketi linaitwa San Marco. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti 9 zilirushwa kutoka pale. Mahali palichaguliwa kwa sababu ni karibu na ikweta. Dunia inajizungusha, na pale ikweta mwendo wake ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inapata msukumo huo bure, kama vile mtu anayeruka kutoka kwenye matatu inayokwenda anavyosukumwa mbele. (Vijana, msijaribu.)

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, setilaiti ya Wamarekani ilirushwa kutoka Ngomeni ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Msimamizi wa mradi ule alikuwa mwanamke, Bi. Marjorie Townsend. Uhuru haikuja kututazama sisi. Uso wake ulielekea kwenye nyota, ikitafuta miale ya eksirei, miale ya aina ile ile inayopiga picha za mifupa pale hospitali ya Msambweni. Ilifanya kazi mpaka 1973, na orodha iliyotokana nayo ina vitu 339 vya angani vinavyotoa miale hiyo. Wataalamu wanaiheshimu mpaka leo. Ninavyoona mimi, jina letu lilikwenda mbali zaidi kuliko faida tuliyopata, lakini hayo ni maoni yangu na mtu anaweza kunipinga.

Roketi hazirushwi tena Ngomeni tangu 1988, ingawa kituo bado kipo na kinapokea mawasiliano ya setilaiti. Kenya nayo ina zake. Mwaka 2018 setilaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, ambayo ungeweza kuibeba kwa mkono mmoja, iliachiliwa kutoka kituo cha kimataifa kilicho angani. Kisha tarehe 15 Aprili 2023 ikarushwa Taifa-1 kutoka California, Marekani, kwa ajili ya kupiga picha za ardhi yetu.

Haya, zinaona nini? Kuna setilaiti za Ulaya ziitwazo Sentinel-2. Zinapita juu yetu kila baada ya siku 5 hivi, na picha zake ni bure kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Katika picha hizo nukta moja ni mraba wa mita 10 kwa mita 10. Shamba la ekari moja ni nukta kama 40. Ngalawa haijazi hata nukta moja. Picha za kununua zilizo kali zaidi zinafikia nukta ya sentimita 30 hivi. Hapo paa la mabati linaonekana, gari linaonekana, na mtu ni kidoa chenye kivuli. Sura haionekani. Mzee wetu na aoge kwa amani.

Kuhusu mvua, setilaiti za hali ya hewa zinatazama mawingu na kutuma picha, basi. Hazina uwezo wa kuyafukuza. Ni kama kumlaumu mvuvi aliyekaa ufukoni akitazama wimbi kwamba yeye ndiye aliyelileta.

Tena picha hizo zaweza kutusaidia. Pale Gazi kuna mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 unalinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti hiyo. Pesa zake zimeleta maji na vifaa vya shule katika vijiji vya Gazi na Makongeni. Mnunuzi wa Ulaya hawezi kuja Gazi kila mwezi kuhesabu miti. Wanakijiji na watafiti wanaipima kwa mikono yao, lakini mtu akikata eneo kubwa, pengo litaonekana kutoka juu. Hapo jicho la angani ni shahidi wetu.

SIMU ILIYO MFUKONI

Kuna jambo jingine ambalo mzee alilichanganya, na hayuko peke yake. Watu wengi wanaamini kwamba ukipiga simu sauti inakwenda kwenye setilaiti halafu inashuka. Hapana. Sauti inakwenda kwenye mnara wa simu ulio karibu, kisha inapita kwenye nyaya. Hata intaneti yetu, sehemu kubwa inapita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Nyaya mbili kubwa za kwanza, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009. Wapo sasa wanaopata intaneti moja kwa moja kutoka angani kwa kutumia sahani ya Starlink, huduma iliyoanza Kenya Julai 2023, lakini hao utawajua kwa ile sahani yao.

Na ile ramani ya simu inayoonyesha mahali ulipo? Setilaiti za kazi hiyo ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Zinachofanya ni kutangaza saa na mahali zilipo tu, kama redio inavyotangaza saa kabla ya taarifa ya habari. Simu inasikiliza matangazo ya setilaiti nne au zaidi, inapiga hesabu, inajua ilipo. Redio haijui nani anaisikiliza, na setilaiti hizo vilevile hazikujui.

Anayejua ni mnara. Hata kama simu yako ni ile ya kubonyeza, ya mulika mwizi, lazima mtandao ujue uko karibu na mnara gani, la sivyo simu yako haitalia. Kampuni inaweka kumbukumbu: nambari gani ilipiga nambari gani, saa ngapi, kupitia mnara upi. Mahakama inaweza kuamuru kumbukumbu hizo zitolewe. Sisemi hivyo ili mzitupe simu zenu. Mimi mwenyewe siwezi kukaa siku mbili bila yangu. Nasema tu kwamba tukitaka kujua nani anatujua, tuache kutazama juu, tuangalie mikononi mwetu.

MACHO YA SHILINGI 7,000

Julai 2023 watu walipanga foleni ndefu Nairobi, wengine tangu alfajiri, kwenye jumba la KICC. Walikuja kuweka macho yao mbele ya tufe la rangi ya fedha, likapiga picha ya mboni. Mradi huo uliitwa Worldcoin, na mmoja wa waanzilishi wake ni Mmarekani Sam Altman. Aliyekubali alipewa sarafu 25 za kidijitali, ambazo siku hizo zilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Wakenya zaidi ya 300,000 walijiandikisha.

Tusiwacheke. Ukimwambia mtu aliyekosa karo kwamba kutazama tufe kwa dakika moja kutampa shilingi 7,000, atauliza foleni iko wapi. Hata Diani msimu wa watalii ukiwa mbaya, mhudumu aliyesimamishwa kazi miezi mitatu atauliza hivyo hivyo. Kosa si umaskini wa mtu. Swali ni kama alielezwa anachotoa.

Nambari ya siri ikiibwa, unabadilisha. Kitambulisho kikipotea, unaomba kingine. Jicho huwezi kubadilisha. Picha ya mboni yako ikiingia mikono mibaya, imeingia kwa maisha yako yote.

Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ilisimamisha kazi hiyo, na Bunge likaunda kamati ya kuchunguza. Baada ya kesi iliyopelekwa na Katiba Institute pamoja na wengine, Mahakama Kuu tarehe 5 Mei 2025 iliamuru picha na alama zote za miili ya Wakenya zilizokusanywa zifutwe katika siku saba. Jambo kubwa katika kesi hiyo lilikuwa ridhaa, yaani kukubali. Je, mtu aliyeahidiwa pesa amekubali kwa hiari? Na je, kabla ya kuanza, kuna aliyepima madhara yanayoweza kutokea? Swali hilo la kupima madhara ndilo lililoikwamisha Huduma Namba pia, mahakama ilipoamua tarehe 14 Oktoba 2021 kwamba kadi zilianza kutolewa bila kupima kwanza.

NANI ALINIINGIZA CHAMANI?

Hapa nazungumza kwa uchungu kidogo, maana yalinipata. Juni 2021 Msajili wa Vyama vya Siasa aliwezesha Wakenya kuangalia mtandaoni kama wameandikishwa katika chama chochote. Nikaangalia. Kumbe mimi ni mwanachama kamili wa chama fulani! Sitakitaja. Sikuwahi kuhudhuria mkutano wake, kuvaa fulana yake wala kula pilau yake.

Sikuwa peke yangu. Ofisi ya Kamishna wa Data, ambayo Bi. Immaculate Kassait alianza kuiongoza Novemba 2020, ilipokea malalamiko zaidi ya 200 ya namna hiyo, na waliolalamika ni wachache tu kati ya walioguswa.

Kwa nini vyama vifanye hivyo? Sheria inataka chama kipate angalau wapiga kura 1,000 waliojiandikisha katika zaidi ya nusu ya kaunti zetu 47. Kuwatafuta watu hao mmoja mmoja ni kazi na gharama. Orodha iliyokwisha kuandikwa ni njia ya mkato: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu. Sasa fikirini wenyewe orodha za namna hiyo zinapatikana wapi. Daftari la mlinzi getini. Daftari la dukani. Fomu ya mbolea. Orodha ya waliohudhuria semina, pale tunapotia sahihi ili tupate nauli. Yangu ilitoka wapi sijui mpaka leo, ila semina nimekwenda nyingi.

Mtu atasema, "Si jina tu, lina madhara gani?" Katiba inasema anayetaka kugombea kama mgombea huru asiwe amekuwa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Kijana wa Lunga Lunga anayetaka kugombea udiwani bila chama anaweza kupata mshangao mbaya kwa sababu ya sahihi ambayo hakuitia.

WALE WASIOANDIKWA POPOTE

Baada ya kusikia haya msomaji anaweza kusema, basi tusiandikwe kabisa. Hapana, na watu wa Kwale tunajua kwa nini. Majirani zetu Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi hapa miaka mingi bila vitambulisho. Walizaa hapa na kuzikana hapa. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu, hupigi kura, na polisi akikusimamisha njiani huna la kumwonyesha. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi, wakamfikia Rais, na mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba nao walitambuliwa mwaka 2023.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kila daftari ni mtego. Mama wa Kimakonde aliyetembea kwa ajili ya kadi yake anajua thamani ya kuandikwa. Lakini yeye alijua anaandikwa nini na kwa sababu gani.

SHERIA IKO UPANDE WA NANI

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya mtu, na Novemba 2019 ikapitishwa Sheria ya Kulinda Data. Kwa lugha ya kawaida inasema hivi: anayechukua habari zako akuambie anazitaka kwa kazi gani, asizitumie kwa kazi nyingine, azilinde, na wewe una haki ya kuziona, kuzisahihisha, kukataa zisitumike, na wakati mwingine kudai zifutwe. Habari za mtoto zinahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi.

Sheria hii ina meno. Septemba 2023 Kamishna alitoza faini shule moja, Roma School, shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za wanafunzi bila ruhusa ya wazazi. Mahali pa starehe paitwapo Casa Vera palitozwa 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila kumwuliza. Na kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za kukopesha kwa simu, ilitozwa 2,975,000.

Hiyo ya mwisho inatuhusu sana. Baadhi ya programu za mikopo, ukiziweka kwenye simu, zinaomba ruhusa ya kusoma majina yote uliyohifadhi. Unabonyeza "kubali" haraka haraka kwa kuwa mtoto ni mgonjwa. Ukichelewa kulipa, wanapigiwa watu wako. Mama mmoja alinisimulia kuwa aliyepigiwa ni mkwewe. Deni lilikuwa shilingi 1,500. Akalilipa siku ile ile kwa kuuza kuku, lakini nyumbani kwa mkwewe hakwenda miezi minne.

Ukitendewa vibaya unaweza kulalamika kwa Ofisi ya Kamishna wa Data kwa maandishi, au hata kwa mdomo, nao ndio watakaoandika. Sheria inawapa siku 90 kumaliza uchunguzi. Weka ushahidi: ujumbe wa simu, tarehe, nakala ya fomu. Na ukitaka kujua kama kuna laini za simu zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua, piga *106#.

DAFTARI LETU WENYEWE

Sasa turudi kwa yule mama wa samaki. Baada ya maneno yake nililitazama daftari la kikundi chao lililokuwa mbele yangu. Kurasa za mwanzo: majina 23, nambari za vitambulisho, nambari za simu, majina ya warithi. Kurasa za kati: nani anadaiwa kiasi gani. Daftari lilikuwa limelala juu ya mkeka, na mtoto wa mweka hazina alikuwa amechora jahazi kwenye jalada.

Mweka hazina akakiri kwamba mwezi uliotangulia alipiga picha ukurasa wa wadaiwa akautuma kwenye WhatsApp ya kikundi "ili watu waone aibu walipe." Mmoja wao akamtumia binamu yake, binamu akapeleka kwingine. Hakuwa na nia mbaya, lakini hapo tulikuwa tumefanya vile vile kama ile kampuni ya mikopo, tena bila faini.

Kikundi kinapojisajili chini ya sheria ya vikundi ya 2022 kinatoa majina na vitambulisho kwa afisa wa maendeleo ya jamii, na hiyo ni sawa. Nakala hiyo inatosha. Kwa kazi ya kila wiki walikubaliana kutumia daftari la pili lenye nambari ya uanachama tu: nambari 7 ameweka 200, nambari 12 amerudisha 500. Lile lenye majina likaingia katika sanduku la pesa, lile la kufuli tatu. Wadaiwa watatembelewa nyumbani na watu wawili, kama ilivyokuwa zamani kabla ya simu.

Wiki chache baadaye akaja kijana mwenye kishikwambi, nadhifu, akasema anatoka kwenye mradi wa kuwapa akina mama majiko, na anataka kupiga picha vitambulisho vyote 23. Mwenyekiti akamkaribisha maji ya madafu, kisha akamwuliza: zinakwenda wapi picha hizi, nani atazitazama, zitakaa muda gani, na tukikataa picha tutakosa majiko? Kijana akasema lazima aulize ofisini. Akarudi siku ya nne na barua. Wakampa majina na nambari za simu za waliotaka majiko, watu 14, na picha za vitambulisho hakupewa. Majiko yalifika.